Jetoni Niliyoitoa kwa Mkono Wangu

Tangu nistaafu siwezi kukaa mahali pamoja. Naamka, nafagia ua ambao umeshafagiwa, nakaza misumari ya mlango usiolegea, nakwenda mpaka kona ya barabara kuangalia kama malori ya madini bado yanapita, halafu narudi. Mke wangu, Mama Ngoy, anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Ikala, tata," ananiambia, yaani nikae. "Kazi imeisha." Haya, kazi imeisha. Lakini liko jambo moja la kazini ambalo halijaisha, na ndilo linaloniondoa kwenye kiti kila nikikaa.

Siku mliponiaga, ninyi vijana wa chumba cha taa, mlileta kuku na kinywaji cha munkoyo, mkasimama mmoja mmoja kusimulia. Kila aliyesimama alisimulia habari ile ile: jinsi Tata Ilunga alivyotundika jetoni yake ubaoni akashuka shimoni kumwokoa Mkasai mmoja, baruti ikiwa tayari kulipuka. Mlipiga makofi. Yule wenu anayeimba kwaya akasema, hivyo ndivyo Mkristo anavyotakiwa kuujibu ubaguzi. Nikatabasamu kama mjinga, nikala kuku wenu. Kuku alikuwa mtamu ila hakushuka vizuri, kwa sababu mlisimulia nusu. Nusu ya pili hamuijui maana sikuwahi kuwaambia. Basi nimechukua daftari. Someni polepole, wala msiruke kurasa kama mnavyoruka maagizo ya betri.

Nilifika Kolwezi nikiwa na miaka kama ishirini, nimetoka kaskazini ya Katanga na sanduku la mbao na barua ya mchungaji wetu. Nilitaka ufundi umeme. Karani wa mgodi akaangalia mikono yangu, akasema nina vidole virefu, akanipeleka chumba cha taa. Mpaka leo sijaelewa vidole vilihusika vipi.

Mkubwa wa chumba hicho alikuwa Tata Mukendi, mtu wa Kasai, mfupi, Mkatoliki wa kwenda misa kila asubuhi, suruali yake imetobolewa na asidi mpaka ikafanana na chujio. Siku ya kwanza hakunipa taa hata moja. Alinipa chupa ya maji safi ya betri na funeli, akaniambia nijaze betri mia moja bila kumwaga tone. Nilipomaliza akanionyesha mashimo mapya kwenye suruali yangu mwenyewe. "Sasa umeingia kazi," akasema.

Alinifundisha kila kitu ninachojua. Usiinamishe uso juu ya betri inayochajiwa. Waya wa taa hukatika kwanza pale karibu na kofia, kwa hiyo uuvute kidogo kila asubuhi kabla mtu hajaja. Mwanga ujaribu ukutani, usijaribu machoni mwa mwenzio. Na zaidi ya yote, ubao. Ninyi sasa mna mashine, lakini sisi tulikuwa na ubao wa misumari na jetoni, vipande vya shaba vyenye namba. Mtu akija kazini anachukua taa yake na kutundika jetoni yake ubaoni. Akipanda juu, anarudisha taa na kuchukua jetoni yake. Jetoni ikiwa ubaoni, mtu yuko chini. Mpiga baruti haji kuuliza mtu habari. Anatazama ubao, na ukiwa mtupu, analipua.

"Ubao muzuri," Tata Mukendi alikuwa akisema, "lakini muntu njo anautundika, na muntu anakosa. Ukiwa na mashaka, hesabu mataa."

Chumba kilikuwa na madirisha mawili. Moja la Wazungu, moja la sisi. Uhuru ulikuwa umekuja miaka kadhaa nyuma na sheria ya kututenga ilikuwa imefutwa, lakini dirisha hakuna aliyelifuta. Palikuwa na msimamizi mmoja Mzungu, mwekundu wa shingo, ambaye hakupokea taa mkononi mwa mtu mweusi hata siku moja. Ulitakiwa uiweke mezani, uondoe mkono, ndipo aichukue. Tata Mukendi alimnyoshea taa kwa mkono kila asubuhi. Kila asubuhi yule Mzungu alionyesha meza kwa kidole. Na kila asubuhi Tata Mukendi aliiweka pale polepole, akisema bonjour. Mimi damu ilikuwa inachemka.

Siku moja nikamkomesha yule Mzungu, ama nilifikiri hivyo. Nilimwekea taa yenye betri iliyochajiwa nusu, izimike huko chini, aone giza la watu weusi lilivyo. Tata Mukendi aliipima kabla haijatoka dirishani, kwa sababu alipima kila taa. Akafunga dirisha, akanipiga kofi moja ambalo naweza kulisikia hata sasa.

"Weye unataka kuua muntu?"

"Tata, huyu si mtu. Umeona anavyotutendea."

"Taa ikizimika kule chini inamuzimikia muntu, haizimikie rangi. Mi namupa taa muzuri sababu iko muntu. Kama ye hapendi mukono yangu, ile ni kesi yake na Mungu."

"Na wewe utamnyoshea mkono mpaka lini?"

"Mpaka mukono ichoke. Haiyachoka."

Nilinuna wiki nzima. Mimi Mprotestanti, niliyefundishwa Maandiko tangu kunyonya, kufundishwa upendo na Mkatoliki! Lakini niliondoka na somo, au nilidhani nimeondoka nalo. Yule Mzungu alirudi kwao baadaye bila kupokea taa mkononi hata mara moja. Nasema hivyo kwa sababu najua mnangoja niseme alibadilika.

Miaka ikaenda. Nilioa, Tata Mukendi akasimama upande wangu kwa sababu ndugu zangu walikuwa mbali. Mkewe, Mama Mbuyi, ndiye aliyempokea mtoto wetu wa kwanza, mkunga alipochelewa. Nyumba zetu mtaani Manika zilipakana ua. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikipikwa kwao, sahani moja ilikuja kwetu. Mimi nikawa shemasi, yeye akanitania kwamba Waprotestanti wanamfanya shemasi mtu yeyote mwenye koti. Baadaye mgodi ukampeleka chini kulinda pampu za maji, kwa kuwa alikuwa na sikio la mashine, nami nikabaki na chumba cha taa.

Halafu mambo yakaharibika. Nyinyi mmezaliwa mkakuta magofu, mnafikiri mji ulijengwa hivyo. Sisi tuliuona ukianguka. Sehemu ya mgodi ilididimia, mashine zikasimama moja moja, askari wakapora maduka, vipuri havikuja tena. Taa nne tulizifungua kutengeneza moja. Maji ya betri yalikwisha, tukakinga mvua kwa shuka. Na watu wakiishiwa, huanza kutafuta nani amewamalizia. Wakubwa wa siasa wakaja na jibu: ni Wakasai. Wamejaa maofisini, wamejaa migodini, warudi kwao. Kwao wapi? Mama Mbuyi alizaliwa hapa, na mama yake alizaliwa hapa.

Wakaanza kuwaita bilulu, yaani wadudu. Kwanza vijana mtaani, halafu sokoni, halafu nikasikia neno hilo uani mwa kanisa letu baada ya ibada, kinywani mwa mama wa kwaya, mikono yake bado ina kitabu cha nyimbo. Na mimi shemasi nilifanya nini? Nilikohoa. Mchungaji naye alihubiri mavuno majuma matatu mfululizo, katika mji usiokuwa na mavuno. Ubaguzi wa Mzungu ulikuwa rahisi kuuona, ulikuwa na dirisha lake. Huu wa kwetu ulikaa nasi benchi moja na kuimba sauti ya pili.

Niwaambie pia kwamba niliogopa. Jina langu Ilunga liko kwetu, na liko Kasai vile vile. Siku moja vijana wenye fimbo walinisimamisha karibu na soko. "Tata, weye ni Ilunga ya wapi? Ya huku ao ya kule?" Nikataja kijiji cha baba, cha babu, mto wa pale, chifu wa pale, nikataja mpaka aina ya samaki. Wakacheka, wakaniachia. Nilifika nyumbani shati limelowa jasho, nikajichukia, lakini nikashukuru Mungu kwamba mimi ni wa huku. Sala mbaya kuliko hiyo sijawahi kuiomba.

Sasa njooni kwenye siku mnayoipenda.

Asubuhi, zamu ikiwa imeshashuka, shefu wa zamu, yaani msimamizi wetu, alikuja dirishani na karatasi iliyotoka ofisini. Majina na namba za Wakasai wa idara yetu, wote wamefutwa kazi kuanzia siku hiyo. Nitoe jetoni zao, nizitie kwenye mfuko, nimletee. Wengi wao walikuwa wameacha kuja kazini, wamejificha au wamekwenda stesheni, na jetoni walizotuachia zilikuwa kwenye sanduku. Nilianza na hizo. Halafu nikaja ubaoni. Nilitaka jambo hilo liishe upesi, macho yangu sikuyatuliza popote, vidole vyangu virefu vikafanya kazi vyenyewe. Namba iliyo kwenye karatasi, toa, tia mfukoni. Ubaoni ilikuwamo moja tu, namba sitini na moja, ya Tata Mukendi. Niliisoma. Nikaitoa kwenye msumari kama zile za sandukuni, nikaitia mfukoni.

Mnaelewa nilichofanya? Jetoni ilikuwa ubaoni. Alikuwa chini. Nilimwondoa ubaoni akiwa chini, mimi, mtu aliyefundishwa ubao na yeye mwenyewe. Hilo makofi yenu huwa yanaliruka. Mnasimulia kana kwamba kosa lilianguka toka mbinguni. Aliyemweka mbele ya baruti ni mimi.

Zamu ikapanda saa za mchana. Watu wakarudisha taa, wakachukua jetoni, wakaondoka. Mpiga baruti, mzee wa maneno machache, akaja, akatazama ubao mtupu, akaenda. Mimi nikaanza kupanga taa kwenye chaja. Hamsini na tisa, sitini, shimo tupu, sitini na mbili. Nikarudia kutazama. Shimo tupu.

Sikumbuki nilivyotoka mle. Nilimkuta shefu wa zamu amesimama na mpiga baruti kwenye mlango wa lifti, nikapiga kelele kwamba kuna mtu chini, kwenye pampu, Mukendi.

Shefu akafungua karatasi yake, akaitazama. "Huyo amefutwa tangu asubuhi," akasema. "Hawezi kuwa chini."

"Taa yake haijarudi!"

"Basi ameiiba. Si unawajua?"

Niliwajua? Nilimjua mmoja, miaka yote ile, kupitia ukuta wa matofali. Nikamgeukia mpiga baruti, yeye akasema anachojua ni ubao, na ubao ni mtupu. Hakusema kwa ubaya. Ndiyo sheria, nami ndiye niliyeuchafua. Nikarudi mbio chumba cha taa, nikachukua taa, nikavua jetoni yangu shingoni, nikaipigilia kwenye msumari kwa ngumi. "Ubao si mtupu tena," nikamwambia mpiga baruti niliporudi liftini. "Mimi niko chini." Nikaingia lifti. Shefu alikuwa anatukana, anasema atanifuta na mimi. Mpiga baruti alikwenda mbele ya ubao, akakunja mikono, akasimama pale mpaka tuliporudi. Yeye hamjawahi kumtaja hata mara moja, na bila yeye mngekuwa mnasimulia matanga.

Nilimkuta Tata Mukendi maji yakiwa magotini, anaitukana pampu kwa Kiluba cha Kasai.

"Aka! Zamu imeisha na hamuniite? Munafikiri mi ni pampu?"

Nilimvuta mkono. Tukiwa kwenye lifti, taa zetu zikimulika ukuta wa mwamba unaoshuka, nilimwambia yote. Karatasi, mfuko, namba. Nilitaka anipige kofi lingine.

"Uliitoa na mukono yako?" akauliza.

"Ndiyo, tata."

"Ukijua ni yangu?"

"Nikijua."

Lifti ikafika juu. Alipotoka, alirudisha taa yake dirishani kwanza, kama kawaida, akaifuta matope. Mimi nilikuwa nalia, yeye akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Habari ikaenea. Mtaani walinitazama vibaya, ila pale kanisani wachache walinishika mkono kwa siri, wakasema Mungu amenitumia. Niliona kwamba deni langu la Kikristo limelipwa. Nimeshuka shimoni! Nani mwingine ameshuka shimoni? Nililala vizuri, usingizi wa mpumbavu.

Kesho yake adhuhuri, Tata Mukendi alikuja mlangoni kwangu. Vijana walikuwa wamewapa mpaka jua lipungue wawe wametoka Manika. Nyuma yake, kwenye ua, niliona mabunda yamefungwa, na Mama Mbuyi amesimama na mjukuu mikononi, akitazama mlango wa nyumba yake. Jirani mmoja alikuwa ameshauliza ufunguo.

"Ilunga," akaniambia, "mi sikuye kukuomba kitu kikubwa. Tembea na shiye mpaka ku gare, kule ku stesheni. Bantu banakujua. Bakiona shemasi anatembea katikati yetu, majiwe itabashinda kutupa."

"Nakuja, tata," nikasema. "Tangulieni taratibu, nivae viatu."

Nikavaa kiatu kimoja. Nikakifunga. Nikavaa cha pili, nikakifunga. Nikakaa kitandani. Nje nilisikia vijana wanaimba na kupiga mabati. Barabara kutoka kwetu mpaka stesheni ni ndefu, imenyooka, na jua lilikuwa kali, kila mtu yuko nje ya mlango wake. Mama wa kwaya. Wale waliouliza mimi ni Ilunga wa wapi. Wangeniona. Wangenipa jibu lao wenyewe.

Shimoni sikuwa na wa kuniona, vijana wangu. Huko chini kulikuwa giza, na mimi, na Mungu, na pampu. Ushujaa wa gizani niliuweza. Nilichoombwa sasa ni kutembea barabarani mchana nikiwa nimebeba bunda la mtu, na miguu ikakataa.

Mama Ngoy aliingia akanikuta nimekaa.

"Biatu biko mu miguu, tata," akasema. "Miguu njo haina kwenda?"

 Akavua kitambaa cha kupikia, akajifunga kitenge chake cha kanisani, kile cha sikukuu. Akatoka. Nikachungulia nyuma ya pazia. Alimpokea Mama Mbuyi yule mjukuu, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe, akaweka sufuria yao kubwa kichwani, akatangulia mbele ya wote katikati ya barabara. Alikuwa anatembea kama mtu anayekwenda harusini. Vijana wa mabati wakawafuata. Kelele zikapanda, nikasikia bati limegongwa na jiwe, au sufuria. Nikaachia pazia.

Alirudi jua linatua. Kitenge kilikuwa na matope, na juu ya nyusi palikuwa na mchubuko. Akaosha miguu, akasonga bukari, ugali wetu, akaniwekea. Hatukuongea siku ile, wala iliyofuata, wala iliyofuata.

Jumapili ilikuwa ya Meza ya Bwana. Nilivaa koti, nikabeba sinia la mkate kama kawaida yangu, nikapita benchi kwa benchi. Mama wa kwaya akachukua. Vijana wawili niliowajua kwa fimbo zao wakachukua. Nikafika kwa mke wangu. Akalitazama sinia, halafu akanitazama mimi, akashusha mikono yake magotini. Benchi zima likageuka. Nilisimama pale na sinia mpaka mchungaji akakohoa.

Nyumbani nikafoka. Nilimuuliza kwa nini ananiaibisha mbele za watu, mimi niliyeshuka shimoni. Ndiyo, nilisema hivyo hivyo, kwa sauti.

Yeye alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Kule ku gare Mama Mbuyi aliniuliza, 'Tata Ilunga iko wapi?' Nikamwambia unagonjwa malaria. Nilibadanganya, bantu banafukuzwa, sababu yako. Ile uongo iko mu kinywa yangu mpaka leo. Siwezi kuweka mukate juu yake, na siwezi kuupokea mu mukono yako." Akasukuma ungo pembeni. "Kwanza enda ukapone."

Hakuna mchungaji aliyewahi kunihubiria hivyo. Nilitoka na koti langu la ushemasi na viatu vyangu vya Jumapili, adhuhuri, makanisa yote yakiwa yanatawanyika na barabara imejaa. Nilipita katikati. Watu waliniita, wengine kwa mzaha, mmoja akaniuliza napeleka wapi koti. Nikamwambia, stesheni. Niliogopa bado, siwafichi. Mtu asiwadanganye kwamba woga unaisha kwanza ndipo unakwenda. Haukuisha.

Mlangoni mwa stesheni walikuwepo vijana wa kulinda, na swali lao lile lile. "Ilunga ya wapi?"

Safari hii sikutaja samaki. "Nakwenda kwa ndugu yangu," nikasema. Mmoja akanisukuma, kola ya koti ikachanika, halafu wakaniachia, wakacheka kwamba kilulu kimejipeleka chenyewe.

Ndani palikuwa na watu kama siku ya soko, ila soko lisilouza. Familia nzima nzima chini ya shuka zilizofungwa kwenye mabehewa mabovu, moshi wa kuni, watoto wanakohoa, kila mtu akingoja gari moshi la kwenda Kasai ambalo halikuwa na siku wala saa. Niliwatafuta muda mrefu. Nikaona kwanza sufuria, ina kibonyeo ubavuni. Tata Mukendi alikuwa ameketi juu ya bunda, suruali yake ile ile ya matundu. Mama Mbuyi alikuwa analaza mjukuu kwenye kivuli cha gurudumu. Aliponiona, akageuza uso.

Tata Mukendi alinitazama kuanzia kwenye viatu.

"Umepona?" akauliza.

Mngenisamehe kama ningesema ndiyo. Lilikuwa neno moja tu, na mke wangu alikuwa ameshalitayarisha. "Sikugonjwa, tata," nikasema. "Niliogopa. Nilivaa viatu, nikakaa."

"Tulijua. Mama Ngoy hajue kudanganya, alilia." Akasukuma kibunda kimoja kwa mguu, akaacha nafasi. Sikuona kama amenisamehe, wala hajawahi kuniambia, wala mkono hakunipa. Nikataka kukaa nyuma ya bunda, kwenye kivuli, upande wa mabehewa. Akanikamata kola iliyochanika, akanivuta mpaka upande wa barabara, kwenye jua, mbele ya lile lango.

"Hapana pale," akasema. "Ikala hapa, bantu bote bakuone."